Bastola ya plastiki katika upepo wa chumvi: nini hasa unakilipia?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Mtwara mjini, nina duka la pembejeo na shamba la korosho kule Tandahimba. Maombi yangu ya leseni yamepita, sasa nachagua bastola. Nilipokwenda Dar es Salaam nilishika tatu dukani: Glock 19, CZ P-10 C na Taurus G3C. Zote fremu ya plastiki. Marehemu baba alikuwa na bastola ya chuma tupu, nzito, ukiishika unajua umeshika kitu. Hizi zimenitia wasiwasi. Glock nilipoibana kwa vidole chini ya mtutu niliona plastiki inabonyea, na nilipoitikisa, kile kipande cha juu kilicheza. CZ ilinikaa mkononi vizuri zaidi. Taurus ni ndogo na bei yake iko chini. Rafiki yangu anasema plastiki hulegea kwa joto la kwenye gari, na baada ya miaka michache hupasuka. Je, niongeze hela? Na nikiongeza, nalipia nini? Au nitafute ya chuma ya mtumba?"*

Marahaba, ndugu yangu. Hongera kwa kuuliza kabla ya kununua, maana wengi huja kwenye meza yangu ya ufundi wakiwa wameshalipa.

Nikikusoma vizuri, una wasiwasi wa aina mbili, na umeuchanganya. Wa kwanza ni kama kitu hiki ni imara. Wa pili ni mkono wako unakuambia nini unapokishika. Mkono ni shahidi mzuri wa jambo la pili, lakini kwa jambo la kwanza hudanganya sana. Uzito na ubaridi wa chuma humfanya mtu ahisi uimara hata pale ambapo ndani springi imechoka na pini imeliwa na kutu. Wepesi wa plastiki nao humfanya ahisi amepewa kitu cha kuchezea watoto, hata kama ndani kila kipande kimetengenezwa kwa umakini mkubwa.

Tuanze na rafiki yako. Bastola za fremu ya plastiki si jambo la jana. Kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa VP70 mwaka 1970. Glock 17 iliingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, na hiyo Glock 19 uliyoishika ni umbo lililoanza mwaka 1988. Ziko fremu za miaka hiyo ambazo mpaka leo zinapigwa kila wiki kwenye viwanja vya shabaha. Plastiki inayotumika si ile ya ndoo wala ya viti vya ukumbini. Ni jamii ya nailoni, ile ile ambayo wavuvi wa Mikindani wanaiamini kwenye nyavu na kamba zao, ila hii imekolezwa ili iwe ngumu, na katika fremu nyingi huchanganywa na nyuzi za kioo. Nailoni ya namna hiyo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi joto 200 za Selsiasi. Gari lililofungwa vioo juani hapo stendi ya Mtwara likizidi sana ndani yake litafika 60 au 70. Kwa hiyo fremu haitalegea. Kinachonitia mimi hofu kwenye gari ni mwizi, na mtoto anayefungua droo ya dashibodi. Bastola haiachwi ndani ya gari, iwe ya plastiki au ya dhahabu.

Nailoni ina adui mmoja wa kumtaja: tindikali kali. Ukibeba betri za magari kwenye pikapu, maji ya betri yasiguse fremu. Petroli, mafuta ya taa na mafuta ya silaha hayaidhuru.

Sasa kuhusu kubonyea. Hapa nikuombe tuende taratibu, kwa sababu ukielewa kinachotokea risasi inapolia, nusu ya wasiwasi wako itaondoka yenyewe.

Risasi ya milimita 9 inapofyatuka, mgandamizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, unaruhusiwa kufika hadi baa 2,350. Hiyo ni nguvu ya kutisha, na haibebwi na plastiki hata kidogo. Inabebwa na vyuma viwili vilivyoshikana: mtutu, na kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, ambacho tunakiita slaidi. Wakati risasi bado iko ndani ya mtutu, viwili hivi vimefungana na vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Risasi ikishatoka na mgandamizo ukashuka, sehemu ya nyuma ya mtutu inainama, inajifungua kutoka kwenye slaidi, na slaidi inaendelea na safari yake peke yake, inatupa ganda nje, kisha springi inairudisha mbele na risasi mpya. Fremu kazi yake ni kuelekeza safari hiyo, kushika triga na magazini (kisanduku cha risasi), na kupokea pigo la slaidi inapogota nyuma. Na hata hapo slaidi haitambai juu ya plastiki. Inatambaa juu ya vipande vya chuma vilivyopachikwa ndani ya fremu. Kwenye Glock utaviona ukiifungua: vimasikio vinne vidogo vinavyong'aa, viwili mbele na viwili nyuma. Ni vidogo kiasi kwamba mtu akiviona mara ya kwanza hushtuka, lakini vinatosha.

Kwa hiyo sehemu uliyoibana, ule ukuta mwembamba chini ya mtutu, inabonyea kwa sababu haina mzigo wa kubeba. Katika kupiga, fremu ya nailoni hujipinda kidogo sana na kurudi, na kujipinda huko hupunguza ukali wa pigo linalofika kwenye kiganja chako. Fremu iliyopasuka kweli nimeiona, ila karibu kila mara kuna mkono wa mtu: kuna aliyetoboa ili apachike kitu, kuna aliyepiga kwa nyundo akitoa pini, kuna aliyetumia risasi za kujaza upya zilizozidishwa baruti. Umri peke yake sijauona ukipasua fremu ya kampuni yenye sifa.

Na kucheza kwa slaidi? Acha icheze. Ile nafasi ndogo kati ya slaidi na fremu imewekwa makusudi, ili mchanga, masizi ya baruti na mafuta yaliyoganda vipate pa kwenda bila kuikwamisha. Nikikupa bastola iliyobana kila mahali, kisha ukashinda nayo shambani Tandahimba siku za kupuliza salfa, utanirudishia jioni imekwama. Panapotakiwa kubana ni pengine kabisa, na unaweza kupakagua mwenyewe dukani kwa idhini ya muuzaji. Toa magazini. Rudisha slaidi nyuma, angalia ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Achia slaidi ijifunge. Ielekeze mahali salama, kidole kikiwa nje ya triga, halafu kwa dole gumba la mkono wa pili bonyeza chini ule mgongo wa mtutu unaoonekana kwenye tundu la kutolea maganda. Mtutu usizame. Ukizama na kurudi kama kitufe, mtutu haujashikana na slaidi inavyotakiwa, na shabaha yako itatawanyika hata ufanye nini. Hapo ndipo ubora ulipo, na watu wanatikisa bastola nzima sikioni.

Nije kwenye chuma cha marehemu baba, kwa sababu nakielewa kinachokuvuta. Bastola ya chuma tupu kama Browning Hi-Power, ambayo ilianza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935, ina zaidi ya gramu 900 kabla hujaweka hata risasi moja. Uzito huo unameza teke, na risasi ya pili inatoka ukiwa bado umetulia. Ukilinganisha, Glock 19 bila magazini ni gramu 600 hivi, na CZ yako ni gramu 740 hivi pamoja na magazini tupu. Plastiki haikupi huo utulivu, utautafuta kwa mshiko na mazoezi.

Lakini wewe unaishi Mtwara. Hewa ya Shangani ina chumvi usiku na mchana, na jasho la kiunoni ni chumvi juu ya chumvi. Nimefungua bastola za chuma za wenye leseni wa pwani yetu, kutoka huku mpaka Kilwa, na ugonjwa wao ni mmoja. Kwa nje imefutwa mafuta vizuri, inang'aa. Ukifungua skrubu za vibao vya mpini, chini yake chuma kimechimbika vishimo vyekundu, kwa sababu mti ule unanyonya jasho na kulishikilia. Ikiwa mwenyewe alizoea kuihifadhi ndani ya holsta (ala ya bastola) ya ngozi kabatini, upande uliolalia ngozi utakuta una ramani ya kutu. Ngozi haikauki sawasawa kwa unyevu wetu, tena ina dawa za kiwandani zinazochokoza chuma. Ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia.

Kwa hiyo kwa mtu wa pwani, fremu ya plastiki ni faida kubwa. Sehemu kubwa ya silaha inayogusa mwili wako haiwezi kuota kutu. Slaidi na mtutu vya Glock na CZ vimetiwa naitrojeni juu ya chuma, vikawa vigumu na vyenye kustahimili kutu kuliko ile rangi ya bluu ya bastola za zamani. Ila usibweteke. Kutu inahamia kwenye vitu vidogo: pini, springi ya kishikio cha magazini, kile kilengeo cha nyuma kama ni cha chuma, na magazini zenyewe. Hapa kuna tofauti ambayo wauzaji hawaisemi. Magazini ya Glock ni chuma kilichofunikwa na plastiki nje. Magazini za CZ P-10 C na za Taurus ni za bati la chuma tupu. Za bati ni nyembamba, zinateleza vizuri zikiingia, lakini kwa hali ya hewa yetu inabidi uzifungue, uzifute na kuzipaka mafuta mepesi mara kwa mara, hasa kile kitako na springi ya ndani. Nikisikia bastola ya pwani "inakataa kulisha", mkono wangu hukimbilia magazini kabla ya kitu kingine chochote.

Nimetaja salfa. Wewe ni mtu wa korosho, unajua ule unga wa njano wakati wa kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga, unavyoingia hadi kwenye kope. Unaingia na kwenye bastola, ukakutana na mafuta, ukawa tope linalosaga. Ukikutana na unyevu, salfa haina urafiki na chuma. Ikiwezekana siku za kupuliza usiende nayo shambani kabisa. Ukilazimika, jioni ile ile ifungue, ipige mswaki mkavu kwanza, kisha ndipo uipake mafuta, kidogo sana. Kuongeza mafuta juu ya vumbi ni kupika uji.

Sasa hizo tatu.

Glock 19 na CZ P-10 C ni za daraja moja. Urefu unakaribiana, milimita 185 na 187, mtutu wa milimita 102 kwa zote mbili, risasi 15 kwenye magazini. CZ ilitoka mwaka 2017, ikitengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, na ukweli ni kwamba waliiunda wakiitazama Glock 19 usoni. Mpini wake umepinda zaidi sehemu ya juu, kiganja kinapanda karibu na slaidi, na pembe ya mpini inafanana na jinsi mtu anavyonyoosha kidole kuonyesha kitu. Ndiyo maana ilikukaa. Triga yake nayo wengi huiona safi zaidi: inasogea bila mzigo, inakuta ukuta ulio wazi, inakatika. Ya Glock ina uzito wa kilo 2.5 hivi, ina ukuta laini kidogo, kama inakushauri kabla ya kuachia. Mimi sioni hilo kuwa kasoro kwa mtu anayebeba silaha kila siku, lakini najua kwa kidole kisicho na mazoezi CZ inapendeza.

Glock inashinda pengine. Vipande vyake ni vichache, vinatoka na kurudi kwa kijiti kimoja cha kusukumia pini, na vipuri vyake vimeenea duniani kuliko vya bastola nyingine yoyote ya aina hii. Kwa mtu aliye Mtwara hilo si jambo dogo. Springi ya kurudishia slaidi ikichoka, swali linakuwa nitaipata lini, na kwa Glock fundi wa silaha ana nafasi kubwa ya kuwa nayo au kujua pa kuagiza. Kama uliyoishika ilikuwa na matuta ya vidole mbele ya mpini, hiyo ni ya kizazi cha tatu au cha nne. Kizazi cha tano, cha kuanzia 2017, kiliyaondoa. Omba uishike hiyo kabla hujaikataa, kwa sababu vidole vyako kama ni vinene, yale matuta yanaangukia juu ya vidole badala ya kati yake, na bastola nzima inaonekana mbaya kwa kosa la matuta. Vilevile, tangu kizazi cha nne mwaka 2010 kuna vibao vya kubadilisha mgongo wa mpini. CZ navyo inavyo. Je, muuzaji alikubadilishia ukajaribu? Kama hakufanya hivyo, bado hujazishika bastola hizo.

Taurus G3C si mshindani wa hizo mbili, ni bastola ya daraja dogo: mtutu wa milimita 81, risasi 12, gramu 620 hivi. Ni kazi ya Brazil, na kwa bei yake inatoa thamani ya kweli. Ina sefti (kizuizi cha usalama) ya dole gumba, jambo ambalo Glock ya kawaida na hiyo CZ havina, na kwa nyumba yenye watoto baadhi ya wateja wangu wameichagua kwa sababu hiyo tu. Ninachokiona nikiifungua ni alama za mashine ambazo hazikusafishwa, kingo zinazokwaruza kidole, na triga yenye mwendo mrefu. Hayo hayaizuii kufanya kazi. Kinachonifanya niwe makini ni kwamba moja na nyingine za toleo hilo hilo zinaweza kutofautiana kuliko Glock moja na nyingine, kwa hiyo ukiichagua, uikague ile ile utakayoondoka nayo, si ile ya kwenye kabati la kioo. Na kwa sababu ni nyepesi na fupi, teke lake ni kali zaidi. Bastola ndogo inafaa kubebwa, haifai kujifunzia.

Maoni yangu waziwazi: kati ya Glock na CZ, tofauti ya uimara haitoshi kukunyima usingizi, chukua inayokaa mkononi ambayo fundi wako anaweza kuihudumia. Kwa Taurus, chukua kama bajeti ndiyo inayoamua, na ile hela uliyookoa iende kwenye risasi za mazoezi, si mfukoni.

Namna ya kusikiliza mkono, sasa. Bastola ikiwa imekaguliwa ni tupu, ishike juu kabisa ya mpini, ule utando kati ya dole gumba na kidole cha shahada ugusane na mkia wa fremu. Mfupa wa mkono, kiwiko na mtutu viwe mstari mmoja. Katika mshiko huo, bila kuuzungusha, ncha ya kidole, ile nyama ya pingili ya kwanza, ifike katikati ya triga. Ikilazimu uizungushe bastola kiganjani ili ufike, mpini ni mkubwa kwako. Kidole kikipita mpaka kwenye kifundo, ni mdogo. Kisha tazama alama ukutani, fumba macho, inyanyue, fumbua. Vilengeo viko karibu na alama, au mtutu unatazama dari? Rudia mara kadhaa. Na jambo ambalo dukani kwenye kiyoyozi hulipati: lowesha kiganja. Mkono wako wa Mtwara utakuwa na jasho, na mpini ulioonekana unakwaruza vibaya dukani ndio utakaokushukuru juani.

Ndugu yangu, hapa nabadilisha sauti kidogo. Bastola ya baba yako yumkini ilikuwa na sefti ya kubonyeza kwa dole gumba. Glock na CZ hii hazina. Usalama wake uko ndani: kile kijiulimi katikati ya triga, na vizuizi vinavyoishika pini isifyatuke ikianguka. Vinafanya kazi vizuri, lakini vyote vinaachia kitu chochote kikiivuta triga, na bastola haijui kama ni kidole au kitambaa. Ijumaa umevaa kanzu, umeichomeka kiunoni bila holsta, unainua kanzu ukae, pindo linaingia kwenye kitanzi cha triga. Hivyo ndivyo watu wanavyojipiga paja. Holsta iwe ngumu, ifunike triga yote, isiingizwe wala kutolewa bastola ukiwa unaongea na mtu. Kamba za jaketi la mvua nazo, uzikate.

Na kuna jambo la kufungua kwa usafi. Glock, hiyo CZ na hiyo Taurus zote zinataka uvute triga kabla ya kutoa slaidi. Ni kwa mpango huo huo watu hujipigia risasi mezani wakiwa na kitambaa na mafuta mkononi. Utaratibu hauna njia ya mkato: magazini itoke KWANZA, ndipo slaidi irudishwe nyuma. Ukianza na slaidi, utatoa risasi ya chemba na magazini itaweka nyingine. Kisha tazama chemba, gusa chemba, na hata hapo ielekeze kwenye kitu kinachozuia risasi. Risasi zote ziwe chumba kingine. Kama jambo hilo linakusumbua moyoni, ziko bastola za daraja hili zisizodai kuvuta triga kufunguliwa, mfano Smith & Wesson M&P, Heckler & Koch VP9 na SIG P320. Ni sababu ya heshima kabisa ya kuchagua.

Juu ya mtumba. Ya chuma ya mtumba nisingekuzuia kama ungekuwa unaishi Dodoma na una fundi jirani. Kwa pwani, na kwa silaha zilizoacha kutengenezwa zamani, utabaki ukitafuta springi na kishikio cha ganda kwa miaka. Ya plastiki ya mtumba inaweza kuwa biashara nzuri, ila uliza umri wake. SIG P320 za kabla ya maboresho ya 2017 zilibainika zinaweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani, na kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho. Taurus za zamani za jina PT-111 Millennium zilifikishwa mahakamani Marekani kwa madai ya namna hiyo hiyo, na kesi ikaisha kwa maridhiano. Hiyo si G3C, ni mababu zake, lakini ukipewa ya bei ya kutupa, tazama jina lililochongwa ubavuni. Na silaha ya mtumba haihami kwa kupeana mikono: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umiliki unapitia Jeshi la Polisi. Nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi, namba ya silaha ikaguliwe.

Swali ambalo hukuniuliza ni kama unaihitaji kweli kila siku. Malipo ya korosho siku hizi yanapitia chama cha msingi na benki, si kama zamani tulipokuwa tunaona watu na magunia ya noti. Ikiwa sababu yako ni fedha za dukani, kupeleka benki kila jioni na kasiki iliyofungwa kwenye zege vitakulinda usiku ambao bastola iko kiunoni mwako Tandahimba na duka liko Mtwara. Leseni umeshapata, uamuzi ni wako na naheshimu. Lakini kasiki utahitaji kwa vyovyote, kwa ajili ya bastola yenyewe.

Usijitibu mwenyewe kwenye mambo haya. Slaidi isiyofunga kabisa mbele. Maganda yanayotoka yamevimba au kupasuka. Triga isiyorudi. Ufa wowote kwenye fremu, hata uwe kama unywele, hasa karibu na tundu la pini. Hapo silaha iwe tupu, ifungiwe, ipelekwe kwa fundi mwenye kibali, na ukiwa njiani nayo ubebe leseni. Na ukiwa unapiga, mlio mmoja ukisikika dhaifu, "pu" badala ya mlipuko, simama hapo hapo hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Risasi inaweza kuwa imekwama katikati ya mtutu, na ya pili itapasua chuma.

Ukishanunua, usiibebe kwanza. Isafishe ile grisi ya kiwandani, tafuta mkufunzi kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, na uipige risasi 200 hivi, pamoja na boksi moja la aina ile ile utakayoibeba. Ikikwama, mwambie mkufunzi atazame kwanza mshiko wako, maana kifundo cha mkono kilicholegea huzikwamisha sana bastola nyepesi za plastiki. Mshiko ukiwa sawa na bado inakwama, irudishe dukani na magazini zake zote, kila moja umeiandika namba kwa kalamu ya rangi, ili fundi ajue ni ipi ilikuwa ndani ilipokwama.